Barua ya wazi kwa KEBS na Wizara ya Afya: huo mgao wa biskuti mbili ni wa nani?

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Kwa Waziri wa Afya. Na nakala kwa Idara ya Afya ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nianze kwa kosa langu mwenyewe.

Nina duka Kisauni. Si supamaketi, ni duka la dirisha na wavu, mteja husimama nje akaagiza. Miezi michache iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima mwenye sukari ya miaka mingi, alikuja jioni akitaka biskuti za kunywea chai. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hapo nyuma, unipe zile zenye sukari kidogo." Macho yake hayashiki maandishi madogo, na hata yangeshika, yameandikwa kwa Kiingereza. Nikashusha aina mbili. Ya kwanza, sukari gramu 4. Ya pili, sukari gramu 7. Nikampa ya kwanza, akaniombea dua, akaenda zake.

Usiku nikifunga hesabu nilizitazama tena biskuti zile rafuni, na safari hii nikasoma na mstari wa juu yake, ule wa mgao, yaani kiasi ambacho mtengenezaji anasema mtu mmoja hula kwa mara moja. Gramu 4 za aina ya kwanza zilikuwa za biskuti mbili, uzito wa gramu 16. Gramu 7 za aina ya pili zilikuwa za biskuti nne, uzito wa gramu 32. Nikachukua kalamu. Katika kila gramu 100, biskuti nilizomuuzia zina sukari gramu 25. Zile nilizozirudisha rafuni hazifiki gramu 22. Kwa nia njema kabisa nilimchagulia mgonjwa wa sukari pakiti iliyo tamu zaidi.

Asubuhi nilikwenda kumwambia. Alicheka. Pakiti yenyewe, akasema, ilikwisha usiku ule ule, yeye na wajukuu wawili.

Marehemu babangu alilianza duka hili kwa pishi na kibaba. Kibaba chake cha bati ninacho mpaka leo, natilia misumari. Vibaba viwili kisaga, vinne pishi, na mtoto wa Pwani alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Mteja mwenye shaka alikuja na kibaba chake kutoka nyumbani, unga ukamiminwa kutoka kimoja hadi kingine watu wakitazama, na shaka ikaisha hapo hapo. Siku hizi natumia mizani. Kila mwaka lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri wa serikali, na nikikutwa na mizani isiyo na muhuri nina kesi ya kujibu. Silalamiki, ndivyo inavyotakiwa. Ila nauliza: huo mgao wa mtu mmoja unaochapishwa nyuma ya pakiti, aliupiga muhuri nani?

Madrasani tulionywa mapema juu ya mtu anayepunja vipimo. Tukadhani tunamjua, ni yule mwenye kidole kizito juu ya mizani. Huyu wa sasa ana akili kumshinda. Pakiti yake ina uzito kamili, gramu kwa gramu, hata mkaguzi mkali hamshiki. Unga hakuupunguza. Alichopunguza ni mlaji. Amechora mtu mdogo anayekula biskuti mbili, akaikunja pakiti, akairudisha kabatini, akalala. Kisha sukari yote na chumvi yote ikapimwa kwa tumbo la mtu huyo.

Mtu huyo nimemtafuta. Ijumaa moja baada ya Isha nilitoa mizani barazani, watoto wa mtaa wakanizunguka kama nimeleta sinema. Tulianza na konfleksi, boksi linasema mgao ni gramu 30. Nikazipima, nikazitia bakulini. Hazikuufunika hata mduara wa chini. Nikamwambia mwanangu wa miaka kumi na miwili amimine kama anavyomimina kila asubuhi: gramu 78. Nikachukua chupa ya juisi ya nusu lita, mgao mililita 200, kwa hiyo ndani mna migao miwili na nusu. Mtoto mmoja akauliza ile nusu ni ya nani, mwenziwe akajibu ya paka. Krispi ndizo zilizonimaliza. Pakiti kubwa ya gramu 100 inahesabiwa kuwa ya watu wanne, gramu 25 kwa kila mtu. Pakiti ndogo ya kampuni hiyo hiyo, krispi hizo hizo, ni gramu 30 na ni mgao mmoja. Maana yake mtu huyo huyo akinunua ndogo anakula zaidi kuliko akinunua kubwa. Mgao unajaa na kupwa kama maji ya Kilindini. Ile kubwa nilimpa kijana wa bodaboda aliyekuwa akimngoja abiria wake, na pakiti ilikuwa tupu kabla abiria hajashuka ngazi.

Watoto walicheka sana usiku ule. Mimi nilikuwa nikimfikiria mamangu.

Mama ana presha. Kliniki walimwambia chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, chini ya gramu 5 kwa mtu mzima. Mama ni mtiifu. Chumvi ya mezani kaiondoa, mchuzi anaupika chukuchuku, ng'onda aliyekuwa akiipenda tangu usichana wake kaiacha. Lakini meno yamekwisha, na jioni akichoka hujipikia tambi za pakiti, zile za dakika mbili ambazo sote tunaziita kwa jina la kampuni moja hata zikitengenezwa na nyingine. Ni laini, hazimsumbui. Nikaigeuza pakiti. Neno chumvi halimo. Mna sodiamu, miligramu 620. Ili uipate chumvi unazidisha sodiamu kwa mbili na nusu, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye pakiti. Ikaja kama gramu moja na nusu. Nikashusha pumzi. Halafu nikauona mgao: gramu 35. Pakiti ni ya gramu 70.

Sasa nielezeni, wakubwa zangu, nusu pakiti ya tambi inapikwaje. Zenyewe zimeshikana kama tofali. Kikaratasi cha viungo ni kimoja, hakina mstari wa kusema kata hapa. Mama anachemsha tofali zima na kumimina kikaratasi chote, kama mtu mwingine yeyote kuanzia hapa hadi Likoni, na anakuwa amekula chumvi ya gramu 3 na ushei kwa mlo mmoja mwepesi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ruhusa yake ya siku. Anaamka, presha iko juu, na sisi wanawe tunaanza kumhoji kama mwizi: Mama, umekula nini? Umekula ng'onda kwa nani?

Ramadhani nayo ina mgao wake. Zile juisi za chupa za kuchanganya na maji huhesabiwa sukari baada ya kuchanganywa, na chupa niliyonayo mimi inataka sehemu moja ya juisi kwa tisa za maji. Kwa jagi la lita 2 hiyo ni mililita 200. Nani Mombasa hii amewahi kufuturishwa kwa juisi nyepesi namna hiyo? Mwenye nyumba angesemwa hadi Idi. Kwetu humiminwa mpaka rangi ikolee, kisha mama mkwe akionja ikaongezwa kidogo.

Watengenezaji watasema mgao ni ushauri, ni wa kumfunza mtu kula kwa kiasi. Ningewaamini lau picha ya mbele nayo ingekuwa na kiasi. Mbele ya boksi pana bakuli limejaa konfleksi hadi zinamwagika, maziwa yanaruka, ndizi zimekatwakatwa juu. Nyuma pana gramu 30. Hizo kurasa mbili za boksi moja hazijuani. Na kama ni ushauri kweli, kwa nini kampuni moja inanishauri biskuti mbili na jirani yake ananishauri nne?

Wala msiniambie wananchi wafundishwe hesabu. Mama anayekaanga mahamri hapa mtaani kwangu anaigawa kilo ya unga, bei ya mafuta, makaa na nazi kwa idadi ya mahamri, na faida yake anaijua kabla karai halijapata moto. Hesabu anaijua kunishinda. Asichoweza ni kuifanya amesimama dirishani, mtoto kiunoni, noti mkononi, foleni nyuma yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, wakati kila pakiti ina kigawanyo chake.

Haya si matatizo yetu peke yetu. Wamarekani walianza kulazimisha jedwali la lishe kwenye vyakula vya pakiti mwaka 1994, na migao yao waliitoa kwenye uchunguzi wa ulaji wa miaka ya 1970 na 1980. Watu wakanenepa, chupa zikakua, mgao ukabaki pale pale. Kwao chakula chenye mafuta chini ya nusu gramu kwa mgao huruhusiwa kuandika mafuta 0, kwa hiyo mafuta ya kupuliza kikaangoni, ambayo ni mafuta na si kitu kingine, yaliuzwa yakiwa na mafuta 0: mgao ulikuwa mpulizo wa kama robo ya sekunde. Jaribu kupuliza chochote kwa robo ya sekunde. Mwaka 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilibadilisha kanuni. Mgao wa aiskrimu ukatoka nusu kikombe kwenda thuluthi mbili za kikombe. Soda ikatoka aunsi 8, kama mililita 240, kwenda aunsi 12. Na chupa ya aunsi 20, karibu mililita 590, ikatakiwa ihesabiwe kuwa ya mtu mmoja, kwa sababu ndivyo inavyonywewa. Sheria yao inataka mgao uwe kile ambacho watu hula kweli, si kile wanachopaswa kula. Mstari huo mmoja ndio ninaoutaka hapa kwetu, hayo mengine wabaki nayo.

Hata Codex, tume ya viwango vya chakula iliyoanzishwa mwaka 1963 na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na WHO, ndilo hilo Shirika la Afya Duniani, ambayo ninyi mnaijua kunishinda, inaweka msingi kwenye gramu 100 au mililita 100, au pakiti nzima ikiwa pakiti ni ya mlo mmoja. Iliacha mlango mmoja wazi: nchi zilizozoea migao zinaweza kuandika kwa mgao pekee. Ulaya waliufunga kwao, na tangu Desemba 2016 kila pakiti lazima iseme kwa gramu 100, mgao ukipenda uuongeze pembeni. Chile walikwenda mbali zaidi. Tangu Juni 2016 chakula kilichozidi sukari, chumvi, mafuta mazito au kalori hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele kabisa, na kiwango chao kimewekwa kwa gramu 100. Kule mtengenezaji akiupunguza mgao hadi biskuti nusu, ile alama haibanduki.

Ombi langu la kwanza, basi, ni safu moja tu ya tarakimu. Kila chakula cha pakiti kinachouzwa Kenya, kitengenezwe hapa au kishushwe bandarini, kiwe na safu ya gramu 100 au mililita 100, na safu hiyo iwe ya kwanza na yenye herufi kubwa kuliko zote. Nikiwa nayo sitamdanganya tena jirani yangu. Najua kuna kampuni ambazo tayari zinaiweka, pakiti zao ninazo rafuni, kwa hiyo asije mtu akasema haiwezekani au itapandisha bei ya biskuti.

La pili ni pakiti ambayo mtu mmoja huimaliza kwa kikao kimoja. Tambi za gramu 70, soda ya nusu lita, krispi za mkononi: hizi ziandikwe hesabu ya pakiti nzima, na neno migao lisitajwe humo. Soda ya kawaida yenye sukari gramu 10.6 kwa mililita 100 ina gramu 53 katika chupa ya nusu lita. Ni vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisifike asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 50. Basi iandikwe 53, mtu anywe akijua. Mimi mwenyewe nitaendelea kuiuza, na siku ya joto la Februari pengine nitainywa.

Na pale mgao unapobaki, kwenye boksi la konfleksi au mkebe wa siagi ya kupaka, asiuchague mtengenezaji. Uwekeni ninyi, mmoja kwa kila aina ya chakula, kwa kwenda majumbani na mizani. Njooni Kisauni, nendeni Changamwe, nendeni Kisumu na Garissa, mpime bakuli la mtoto na kipande cha mkate kinachokatwa kweli. Msiazime bakuli la mtu wa nje.

Kuhusu lugha nitasema kidogo tu, maana linajieleza. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike ipasavyo na bidhaa aliyoilipia. Sukari, chumvi, mafuta: maneno matatu. Nafasi ipo, ondoeni ndizi moja kwenye picha.

Kwa ndugu zetu wa kaunti: Jedwali la Nne la Katiba limewapa ninyi kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Bwana afya hufika dukani kwangu. Hutazama tarehe za kuharibika, hutazama panya, hutazama kama nina choo. Hajawahi kugeuza pakiti akasoma mgao, na simlaumu, kwa kuwa hakuna karatasi iliyomwambia asome. Mwandikieni hiyo karatasi. Na kliniki za presha na sukari, pamoja na ule ushauri wa kijiko kimoja, zimuonyeshe mgonjwa pakiti halisi na kumfundisha kuizidisha sodiamu, angalau mpaka hao wa Nairobi watakapotuandikia chumvi.

Mtaniuliza mbona naziuza. Naziuza kwa sababu zinanunuliwa, na nisipoziuza mimi kuna dirisha jingine hatua ishirini kutoka hapa. Ada za shule za wanangu zimelipwa kwa krispi na biskuti hizo, sitajifanya sheikh. Lakini mimi nikiuza unga nusu kilo na kuuita kilo nitafungwa, na haki yangu. Sioni kwa nini mwenye kiwanda aruhusiwe kuniandikia nusu ya chumvi anayokula mamangu na kuiita chumvi ya mlo.

Mizani yangu iko tayari, na muhuri wake wa mwaka huu upo. Afisa yeyote atakayetumwa kutoka kwenu akaribie, tutakaa barazani tupime tena mbele yake, watoto wapo na konfleksi zipo.

Jirani yangu alirudi juzi. Alisimama dirishani na kikombe chake cha chai kabisa mkononi, akauliza swali lile lile, ipi ina sukari kidogo. Nilimwambia anipe dakika, nikashusha aina tano, nikaanza kutafuta kalamu. Chai ilipoa.

Wenu,
Mwenye duka,
Kisauni, Mombasa.